Machaguo ya Kompaila ya COBOL na Ahadi ya Programu Moja kwa Mashine Zote, 1959–2013

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya machaguo ya kompaila katika COBOL, lugha ya programu iliyobuniwa mahususi kwa shughuli za biashara na utawala. Kompaila ni programu inayotafsiri matini iliyoandikwa na binadamu na kuigeuza kuwa amri zinazotekelezwa na mashine. Chaguo la kompaila ni agizo fupi linaloeleza tafsiri hiyo ifanywe kwa njia gani. Kwa kawaida machaguo hayo huchukuliwa kuwa jambo la mafundi, lisilomhusu mwanahistoria. Hoja ya makala haya ni kwamba machaguo ndiyo mahali ambapo kanuni ya lugha na hali halisi ya mashine zilipatanishwa, na kwamba mapatano hayo yaligusa moja kwa moja usahihi wa hesabu za fedha.

Chimbuko la ahadi

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kila mtengenezaji wa kompyuta nchini Marekani alikuwa na namna yake ya kuandika programu. Taasisi iliyobadilisha mashine ililazimika kuandika upya programu zake zote. Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs alikuwa miongoni mwa waliotoa wito wa kuwa na lugha ya pamoja ya biashara. Tarehe 28 na 29 Mei 1959, mkutano uliodhaminiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani ulifanyika Pentagon, na kutokana nao ikazaliwa kamati iliyotunga COBOL. Lugha ya FLOW-MATIC, iliyobuniwa na Grace Hopper na wenzake, ilichangia sehemu kubwa ya mtindo wake wa kutumia maneno ya kawaida badala ya alama za kihisabati.

Mwezi Desemba 1960, programu ile ile kwa sehemu kubwa ilitekelezwa kwenye mashine ya RCA na ile ya Remington Rand. Jaribio hilo lilionekana kutimiza lengo la waasisi. Hata hivyo, wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa gumu kulipa. Matini iliweza kuwa moja, lakini mashine zilitofautiana katika namna ya kuhifadhi nambari na kusoma faili.

Agizo nje ya matini

Mwaka 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360. Katika mfumo wake wa uendeshaji, OS/360, kazi ziliamriwa kwa lugha ya JCL, ambayo hapo awali iliandikwa kwenye kadi zilizotobolewa. Machaguo ya kompaila yaliwekwa katika sehemu ya JCL iitwayo PARM, ambayo haikuruhusu zaidi ya herufi 100. Njia nyingine ilikuwa kuweka machaguo mwanzoni kabisa mwa matini ya programu, kwa sentensi ya CBL au PROCESS, kabla ya sehemu ya kwanza ya COBOL yenyewe.

Katika kompaila za baadaye za IBM, utaratibu wa mamlaka ulikuwa bayana. Chaguo lililofungwa na wasimamizi wa mfumo wakati wa kusimika kompaila halikuweza kubatilishwa na mtu mwingine. Likafuatiwa na lililoandikwa ndani ya matini, kisha lililowekwa katika PARM, na mwisho machaguo ya kawaida ya mahali husika. Kwa hiyo mtu aliyesoma matini peke yake hakuweza kuwa na hakika jinsi programu ingefanya kazi. Sehemu ya maana yake ilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuiandika.

Nambari inapokatwa

Mfano ulio wazi zaidi ni chaguo la TRUNC. Katika COBOL, mwandishi hutangaza ukubwa wa nambari kwa tarakimu za desimali. Akitangaza nambari ya jozi ya tarakimu nne yenye alama, PIC S9(4) BINARY, kanuni humruhusu kufika 9999. Lakini mashine huihifadhi katika baiti mbili, ambazo zinaweza kubeba hadi 32767. Je, 12345 ikiingizwa humo, itokee nini?

Chini ya TRUNC(STD), tarakimu ya kushoto hukatwa na kubaki 2345, kama kiwango cha lugha kinavyotaka. Chini ya TRUNC(BIN), 12345 hubaki nzima, kwa sababu kipimo ni nafasi ya baiti. Chini ya TRUNC(OPT), kompaila huamini kwamba data haizidi tarakimu zilizotangazwa, na huchagua amri zenye kasi zaidi. Data ikikiuka imani hiyo, matokeo hayatabiriki. Hivyo matini moja iliweza kutoa majibu tofauti, bila neno hata moja kubadilishwa. Aliyechagua kasi alikuwa pia amechagua ni nani atakayebeba hatari ya data isiyofuata tangazo.

Machaguo kama daraja la wakati

Machaguo yalitumika pia kulinda kazi ya zamani. Toleo la tatu la VS COBOL II lilipofuata kiwango cha mwaka 1985, chaguo la CMPR2 liliruhusu programu kuendelea kutenda kama katika toleo la pili, lililofuata kiwango cha mwaka 1974. Karne ilipokaribia kwisha, IBM ilileta DATEPROC na YEARWINDOW kwa ajili ya miaka iliyoandikwa kwa tarakimu mbili. Kwa YEARWINDOW(1950), mwaka 50 katika sehemu iliyotangazwa kuwa tarehe ulisomwa 1950, na mwaka 49 ulisomwa 2049.

Madaraja hayo hayakudumu. CMPR2 haikuendelezwa katika Enterprise COBOL, na toleo la tano, lililotoka mwaka 2013, liliondoa DATEPROC na YEARWINDOW. Taasisi zilizokuwa zimeahirisha marekebisho kwa kutegemea machaguo hayo zililazimika kuyafanya kabla ya kuhamia kompaila mpya.

Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba COBOL haikuwahi kuwa matini peke yake. Kila programu ilikuwa na nusu ya pili, iliyoandikwa katika kadi za JCL au katika mipangilio ya wasimamizi. Kwa hifadhi ya nyaraka, funzo lake ni zito: taasisi iliyotunza matini ya programu ya mishahara au ya akaunti bila kutunza machaguo yake imetunza kumbukumbu pungufu, na haiwezi kuthibitisha hesabu za zamani kwa kuzirudia. Kuandika machaguo ndani ya matini yenyewe, pale mfumo unaporuhusu, ndiyo njia iliyo karibu zaidi na nia ya waasisi wa mwaka 1959, waliotaka programu ya biashara isomeke na kueleweka na mtu mwingine asiyeiandika.