Ramani ya Programu na Chombo cha Kuichorea

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Mwenye nia ya kulima hulima kwa jembe alilo nalo, wala hapotezi asubuhi yake akilinganisha mipini. Methali hii ni ya kweli, nami sina nia ya kuipinga. Lakini, ewe msomaji, ipo kazi ambayo jembe lake hubaki shambani baada ya mkulima kwenda zake, na mwingine huja kulima kwa jembe lile lile. Kazi hiyo ni kuchora ramani ya programu ya kompyuta. Hapo mchagua jembe hafikirii mkono wake tu. Yampasa aufikirie na mkono wa yule atakayemfuata.

Huenda ukauliza: programu ina ramani gani? Mtazame fundi ajengaye nyumba katika mji wa Kakamega. Hachimbi msingi kabla ya kuiona ramani, maana ukuta uliokwisha kusimama ni ghali kuubomoa. Programu nayo ni jengo, tena ni jengo lisiloonekana. Nyumba yaweza kukaguliwa hata kama ramani yake imepotea. Mtu akiingia ndani ataona mlango uko wapi na dirisha liko wapi. Programu ni maelfu ya mistari ya maagizo, na aingiaye humo bila ramani ni kama aingiaye msitu wa Kakamega usiku bila taa. Ndiyo maana watunga programu huchora visanduku kuonyesha sehemu za kazi, na mishale kuonyesha njia ya habari kutoka sehemu moja hata nyingine.

Desturi hii ni ya zamani kuliko kompyuta za umeme. Mwaka 1921, huko Marekani, Frank Gilbreth na mkewe Lillian waliwaonyesha wahandisi wenzao michoro iliyofuata hatua za kazi moja baada ya moja. Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann walitumia michoro ya mtiririko kueleza jinsi kompyuta ipasavyo kuagizwa ili itatue hesabu. Chombo cha wakati huo kilikuwa kalamu na karatasi. Baadaye kampuni ya IBM ilitoa vibao vyembamba vya plastiki vilivyotobolewa maumbo, ili almasi ya mchoraji huyu ifanane na almasi ya mchoraji yule. Jambo hili lilionekana dogo, kumbe lilikuwa kubwa, kwa kuwa maumbo yaligeuka kuwa herufi za lugha moja. Mwaka 1985 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kiwango cha alama hizo. Leo mwanafunzi wa Kakamega achoraye chati mtiririko hutumia almasi kwa swali na mstatili kwa tendo, sawasawa na mwenzake wa Tokyo.

Walakini karatasi ilikuwa na kasoro moja. Programu hubadilika kila mara, na karatasi haibadiliki nayo. Wenye akili wakaanza kutafuta dawa. Mwaka 1959 Lois Haibt wa IBM alieleza programu iliyoweza kuchora chati yenyewe kutokana na maagizo ya programu nyingine. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad, ambayo mtu aliitumia kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Hata hivyo, mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyepata kusimamia utungaji wa programu kubwa ya IBM, aliandika kwamba chati ndefu zenye kila hatua aghalabu zilichorwa baada ya kazi kwisha, kwa kutimiza kanuni tu. Hebu fikiri: ramani inachorwa baada ya watu kuhamia nyumbani! Kosa la namna hiyo halikuwa la kalamu wala la kioo. Lilikuwa la mchoraji aliyesahau kwamba ramani ni ya kumsaidia mtu.

Lugha za michoro zikaongezeka. Mwaka 1976 Peter Chen alieleza namna ya kuchora vitu na uhusiano wao, yaani mgonjwa na ziara zake, au mwanafunzi na masomo yake. Katika miaka ya 1990 kila mwalimu wa usanifu wa programu alikuwa na alama zake, hata mafundi wa nyumba moja wakashindwa kusomeana ramani. Ndipo Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson walipounganisha alama zao, na mwaka 1997 lugha hiyo, UML, ikakubaliwa kuwa kiwango. Chombo chao mashuhuri kiliitwa Rational Rose, na kilikuwa cha kununuliwa. Mwaka 2003 kampuni yao ilinunuliwa na IBM, na vyombo vipya vikaanza kushika nafasi ya kile cha kwanza. Zingatia jambo hili, msomaji: chombo kilipita, na lugha ikabaki. Aliyejifunza kubonyeza vitufe vya chombo kile peke yake alirudi darasani. Aliyejifunza maana ya alama alihama na elimu yake.

Historia hii si ya ng'ambo tu. Ukitoka Kakamega kwenda Eldoret kwa njia ya Chavakali na Kapsabet, utapita mahali paitwapo Mosoriot. Katika kituo cha afya cha hapo, mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta. Chombo walichokitumia kilikuwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini, nacho kilifaa kwa kituo kimoja. Methali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya kwanza ya mwanadamu ni afya yake.

Lakini miaka ile ilikuwa miaka ya msiba wa UKIMWI. Huduma ya matibabu iliyoanzishwa Eldoret, iitwayo AMPATH, ilipokea wagonjwa wengi waliohitaji kufuatiliwa mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka. Mwaka 2004 madaktari wawili wajuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, wakaona kwamba mfumo uliokuwapo hautauweza mzigo unaokuja. Hawakupaka rangi ukuta wa zamani. Walichora ramani mpya. Katika ramani hiyo kila swali ambalo daktari aweza kumwuliza mgonjwa liliwekwa katika orodha yake, mfano wa kamusi. Kukizuka ugonjwa mpya au dawa mpya, neno jipya huongezwa katika kamusi, na kuta za jengo hazibomolewi. Mwaka 2006 mfumo huo, OpenMRS, ulianza kazi Eldoret, na mwaka huo huo ukafika Rwanda. Tangu hapo umetumika katika nchi nyingi.

Waliwezaje watu wa mbali kuongeza vyumba katika nyumba iliyoanzia kwetu? Mojawapo ya sababu ni kwamba maagizo ya programu hiyo yako wazi, na ramani ya majedwali yake pia iko wazi, kila atakaye huitazama. Lau ramani hiyo ingefungiwa katika faili isiyofunguka ila kwa chombo cha bei kubwa, mtunga programu wa Kigali angepapasa gizani, na mwenye kuumia angekuwa mgonjwa.

Sasa tuje kwako. Yamkini unasoma somo la kompyuta, na utatakiwa kutunga mradi wako mwenyewe: daftari la maktaba ya shule, au hesabu ya mauzo ya duka. Yamkini kesho utaendelea na elimu hiyo katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega. Utakuta vyombo vya kuchorea ni vingi. Visio, iliyotolewa mwaka 1992 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2000, ina maumbo tele, lakini hutaka leseni ya kulipiwa. Dia, iliyoanza mwaka 1998, ni ya bure. Draw.io nayo ni ya bure. Hutumika katika intaneti, na unaweza pia kuiweka katika kompyuta yako ukachora bila intaneti. PlantUML ya mwaka 2009 na Mermaid ya mwaka 2014 ni za namna nyingine: huchori kwa mkono, bali waandika maneno machache, na chombo chenyewe kinachora.

Usiulize kwanza kipi kizuri kwa macho. Uliza, nani atakayeisoma ramani hii, na je, ataweza kuifungua bila kununua kitu? Uliza, programu ikibadilika kesho, nani atakayeirekebisha ramani, na kwa muda gani? Tena uliza, chombo hiki kikifa, kitabaki nini mkononi? Vyombo vya maneno hujibu vema swali hili la mwisho, kwa kuwa maneno matupu hufunguka katika kompyuta yoyote, nayo huhifadhiwa pamoja na programu yenyewe. Upungufu wao ni kwamba huwezi kuweka kila kisanduku mahali upendapo. Chombo cha kuchora kwa mkono hukupa uhuru huo, ila kila badiliko dogo hudai usogeze visanduku upya. Hapana chombo kisicho na bei. Chagua bei unayoweza kuilipa.

Na ikiwa umeme umekatika, au kompyuta za shule hazitoshi, usikae kusubiri. Chukua penseli na karatasi, au chaki na ubao. Goldstine na von Neumann hawakuwa na zaidi ya hayo. Mkichora ubaoni, nanyi wanafunzi wanne mmesimama mkibishana kama mshale huu uende kulia au kushoto, mmekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuinakili ramani katika chombo ambacho wenzenu wataweza kukifungua.

Basi methali ya wazee imesimama palepale. Usiwe mchagua jembe kwa kuikimbia kazi. Lakini ukumbuke kwamba siku moja utamaliza shule, nawe utaondoka. Nyuma yako atakuja mdogo wako, atalifungua daftari la maktaba ulilolitunga, akitafuta mahali pa kuongeza kitabu kipya. Akiikuta ramani, akaifungua, akaielewa, atakushukuru hata kama hakupata kukuona.