Wekundu wa papa wa chumvi watoka wapi?

Shimanzi watu waijua kwa maghala, reli na matangi ya mafuta. Mimi nimekulia huko, na gunia la chumvi ya mawe halikukosekana nyumbani. Mamangu alikuwa akikausha papa na nguru wa kuuza. Samaki wakiisha, chumvi iliyobaki hakuitupa, aliwawekea samaki wajao.

Mwaka mmoja, katika joto la kaskazi, samaki wote wakaota utando mwekundu unaonata, mfano wa maji ya ubuyu. Jirani mmoja akasema ni damu, mwengine akasema tumeuziwa chumvi ya rangi, wa tatu akanong'ona habari ya husuda. Kapu zima likatupwa, na mtaji ukaenda nalo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa yule wa pili alikaribia ukweli. Haikuwa rangi, lakini jambo lenyewe lilitoka kwenye chumvi.

Sisi twaamini chumvi huua kila kidudu. Kwa vidudu vingi ni kweli, kwani huwavuta maji mwilini mpaka wakanyauka. Lakini wako viumbe wasioonekana kwa macho ambao bila chumvi nyingi hawaishi. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita moja ya maji. Kiumbe aitwaye Halobacterium salinarum hustawi penye gramu 200 hadi 250. Ukimtia kwenye maji matamu, hupasuka akafa. Siri yake ni kwamba hujaza potasiamu ndani ya mwili wake, hata uzito wa ndani na wa nje ukalingana, na maji yasimtoke.

Jina lake lataja bakteria, lakini yeye si bakteria. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walionyesha kuwa kuna kundi jengine kabisa la viumbe wadogo, ambalo sasa laitwa arkea, na huyu ni wa kundi hilo.

Makao yake ni mahali kama mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, Ngomeni na Marereni, katika Kaunti ya Kilifi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, jua likayakausha kidogo kidogo. Katika mabwawa ya namna hii, maji yakikolea sana huweza kugeuka rangi ya waridi au nyekundu. Rangi hiyo ni ya arkea hawa pamoja na mwani mdogo uitwao Dunaliella, nayo huwakinga na ukali wa jua. Mwenye shamba hapati hasara, kwani maji mekundu hunyonya joto zaidi na kukauka upesi.

Chumvi inapoganda, baadhi yao hufungiwa ndani ya punje, katika vitone vya maji visivyoonekana, na humo huweza kukaa hai muda mrefu. Hivyo husafiri ndani ya gunia mpaka jikoni.

Jamaa zao wako Ziwa Magadi, Kajiado, kwenye maji ya chumvi na magadi kwa pamoja. Mmoja amepewa jina la ziwa hilo, Natrialba magadii. Mwengine alielezwa mwaka 1993 na Wanjiru Mwatha na William Grant. Magadi ya ziwa hilo kwa miaka mingi imekuwa ikiletwa kwa reli hadi bandarini Kilindini, hatua chache kutoka kwetu.

Sasa turudi kwenye kapu. Wekundu wenyewe haujulikani kuwa sumu, lakini ni dalili kwamba samaki ameanza kuharibika. Nyama hulegea na harufu hubadilika, na hali iliyowastawisha hawa huenda imewakaribisha wengine walio wabaya zaidi. Kumfuta samaki kwa kitambaa kisha kumrudisha sokoni ni kumdanganya mnunuzi.

Kinga si ngumu. Usirudie chumvi iliyokwisha tumika, kwani hiyo ni mbegu. Vyombo, meza na makapu yaoshwe kwa maji matamu mengi, maana hayo ndiyo adui wao, kisha yakauke kabisa. Samaki naye akaushwe vizuri, awekwe mahali pakavu penye ubaridi na hewa. Joto na unyevunyevu ndivyo vinavyowapa nguvu, ndiyo sababu kaskazi ilitupata vibaya.

Mamangu aliihifadhi ile chumvi ili abane matumizi, na ndiyo iliyomla mtaji. Anayefanya biashara hii leo aitupe, anunue nyengine. Gunia la chumvi ni rahisi kuliko kapu la papa.