Maji na Tofali la Kijivu la China

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha, kwa kutumia historia ya China, kwamba kuziba ufa peke yake hakutoshi. Kile kinachozibia nacho ni muhimu.

Tofali la jadi la China ni la kijivu, wala si jekundu kama haya tuyaonayo katika matanuri yetu. Udongo unaweza kuwa uleule. Tofauti huletwa na maji. Song Yingxing, katika kitabu chake Tiangong Kaiwu cha mwaka 1637, alieleza kuwa juu ya tanuri hutengenezwa sehemu bapa yenye ukingo, kisha maji humiminwa hapo yapenye polepole hadi kwenye matofali yaliyokwisha kuiva. Leo tunajua sababu yake: tanuri likikosa hewa, chuma kilichomo katika udongo hakibaki na rangi nyekundu, bali hugeuka kijivu.

Kwa hiyo maji ndiyo yanayolipa tofali hili rangi yake. Jambo la kusikitisha ni kwamba maji hayohayo ndiyo huliua. Tofali lina vitundu vidogo sana, nalo hufyonza unyevu kutoka ardhini kama utambi ufyonzavyo mafuta. Unyevu hupanda na chumvi. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani ya vitundu, husukuma, na uso wa tofali hubanduka kama magamba. Kaskazini, kwenye baridi kali, maji hugeuka barafu na kutanuka kwa takriban asilimia 9, na uharibifu huzidi.

Mafundi wa kale walilijua tatizo hili. Waliweka mawe kwenye misingi, na mahali pengine tabaka la matete, ili kuzuia chumvi isipande. Hali kadhalika, walijengea chokaa iliyochanganywa na uji wa mchele unaonata. Chokaa hiyo ni imara, lakini huruhusu unyevu kutoka. Ukuta wa Nanjing, uliojengwa katika karne ya 14, bado una karibu kilomita 25 zilizosimama, na matofali yake mengi yana majina ya maofisa na wafyatuaji waliowajibika. Tofali likiwa bovu, mwenyewe alijulikana.

Saruji ilipoingia, marekebisho mengi yalifanywa kwayo. Saruji ni ngumu na hufunga njia ya unyevu. Maji yaliyokosa pa kutokea kwenye kiungo hutokea kwenye tofali lenyewe. Fundi hudhani ameponya ukuta, kumbe amelitoa tofali la kale mhanga.

Hatari nyingine hutoka juu. Ukuta wa Pingyao, uliojengwa upya mwaka 1370, una udongo ulioshindiliwa ndani na matofali nje. Mvua kubwa za Oktoba 2021 ziliulowesha udongo huo, na kipande cha takriban mita 25 cha upande wa ndani kikaporomoka.

Mafundi wetu husema tofali "linakunywa maji", ndiyo maana hulilowesha kabla ya kulijengea. Usemi huo una elimu kamili ndani yake: kinywacho lazima kiachwe kipumue. Basi tuzibe nyufa, lakini tukumbuke kumwuliza kwanza yule aliyejenga.