Jinsi Mgunga Ulivyopokonywa Jina la Akasia

Katika vilima vya Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati, mti ulioletwa kutoka Australia kwa sababu ya gome lake, ambalo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Jina lake la kitaalamu ni Acacia mearnsii. Mbali kaskazini, katika mbuga za Serengeti, unasimama mgunga, ule mti wa kichwa bapa ambao picha yake haikosekani kwenye matangazo ya utalii. Wageni huuita akasia, na waongoza watalii nao hivyo hivyo. Kwa kanuni za wanabotania, hata hivyo, jina la Acacia halimo tena kwenye mgunga. Limebaki kwa mwati uliotoka ng'ambo, na mwenyeji amepewa jina jipya: Vachellia.

Jina lenyewe lilizaliwa upande wetu wa dunia. Katika karne ya kwanza, tabibu Mgiriki Dioscorides alieleza kuhusu mti wa miiba wa Misri unaotoa gundi, akauita akakia. Waganga na wafanyabiashara wa gundi walilitumia jina hilo kwa karne nyingi bila ugomvi, maana walikuwa wakizungumzia miti michache waliyoijua kwa macho na kwa biashara.

Shida ilianza meli zilipoanza kurudi Ulaya na mimea kutoka kila pembe ya dunia. Mmea mmoja ulitajwa kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila mwandishi alikuwa na sentensi yake. Mswidi Carl Linnaeus ndiye aliyeleta utaratibu. Kwanza, mwaka 1751, katika kitabu chake Philosophia Botanica, aliyapa maneno ya kueleza mimea mipaka: jani la umbo hili liitwe hivi, ua la mpangilio huu liitwe vile, na mtu asitumie neno moja kwa vitu viwili. Miaka miwili baadaye, katika Species Plantarum, akaipa kila spishi jina la maneno mawili. Watu wengi humkumbuka kwa kitabu hiki cha pili. Kwangu mimi kile cha kwanza ndicho kizito zaidi, kwa kuwa jina bila maelezo ni lebo tupu, na maelezo hayawezekani kama watu hawajakubaliana maneno yana maana gani.

Chukua miiba. Linnaeus alitenganisha mwiba unaotokana na mti wenyewe wa ndani na mwiba unaoota kwenye gome tu, kama ule wa waridi, ambao ukiusukuma kwa kidole gumba unabanduka na kuacha kovu. Kwa asiye mtaalamu yote ni miiba na yote inachoma. Lakini tofauti za namna hiyo ndizo zilizokuja kuamua hatima ya mgunga.

Jambo moja hufanya watu wacheke wakilisikia: Linnaeus hakutumia jina la Acacia kwa miti hii. Aliiweka yote katika jenasi Mimosa. Mwenzake Philip Miller, mtunza bustani ya dawa ya Chelsea jijini London, ndiye aliyelirudisha neno la Dioscorides mwaka 1754 na kulifanya jina rasmi la jenasi. Hata mgunga wetu uliingia vitabuni kama Mimosa. Aliyeueleza ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyekwenda Arabuni na msafara wa mfalme wa Denmark, akafariki huko Yemen mwaka 1763. Karibu wenzake wote nao walikufa. Carsten Niebuhr, aliyesalia peke yake, ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775, na humo limo jina Mimosa tortilis. Neno la pili linasema juu ya tunda lililojisokota, na yeyote aliyeokota maganda ya mgunga chini ya mti wakati wa kiangazi ataona kwamba Forsskål alitazama vizuri.

Katika karne ya 19 jenasi ya Acacia ilivimba. Australia ilitoa spishi mpya karibu kila msafara uliporudi. Mwingereza George Bentham alijaribu kuweka ukuta mwaka 1842: akasia ni mti wa jamii hii ambao stameni za ua lake, yaani vile vijiuzi vinavyobeba chavua, ni nyingi na kila moja inasimama peke yake bila kushikana na nyingine. Ukuta huo ulidumu zaidi ya miaka 100, na ndani yake zikajaa spishi zaidi ya 1,300. Karibu 1,000 kati ya hizo ni za Australia.

Afrika Mashariki ilichangia zake. Mwaka 1905 na 1906 mtaalamu wa wadudu kutoka Uswidi, Yngve Sjöstedt, alifanya kazi Kilimanjaro, Meru na katika nyika ya Wamaasai. Huko alikutana na mti mfupi wa udongo mweusi ambao miiba yake imevimba chini na kuwa vyumba vya sisimizi. Sisimizi hutoboa matundu, na upepo ukipita miiba hupiga mluzi. Mwaka 1908 mti huo ukapewa jina Acacia drepanolobium, kwa kuwa tunda lake limepinda mfano wa mundu. Wamaasai walikuwa wakiuita eluai tangu zamani. Mgunga wa kichwa bapa kwao ni oltepesi, ule wa gome la njano kandokando ya maji ni olerai, na kikwata, wenye miiba ya kulabu inayoshika nguo ya mpita njia, ni oiti. Kila mti una jina lake, na majina hayafanani hata kidogo. Mfugaji anayetegemea maganda ya mti mmoja kulisha mbuzi na matawi ya mwingine kujengea boma hana sababu ya kuichanganya.

Hapo ndipo tutazame tawi kwa karibu. Kwenye mgunga, miiba hutoka miwili miwili pale jani linapoungana na tawi. Mingine ni mirefu, myeupe na imenyooka. Mingine, kwenye tawi hilo hilo, ni mifupi na imejikunja. Yote ni stipuli, yaani vile vijani viwili vidogo vinavyokaa pembeni mwa kikonyo cha jani kwenye mimea mingi, ila hapa vimegeuka kuwa silaha. Kikwata ni tofauti. Miiba yake nayo iko miwili miwili, lakini ni ya gome. Stipuli zake ni kitu kingine na hazichomi. Kwenye mti wa gundi ya Kordofani, Sudan, miiba ya gome hukaa mitatu mitatu, wa kati ukielekea chini. Maua nayo yana ushahidi: kwa kawaida kundi la mgunga hukusanya maua yake katika vifundo vya mviringo, na kundi la mti wa gundi huyapanga kwenye suke refu. Akasia nyingi za Australia hazina miiba kabisa, na kinachoonekana kama jani ni kikonyo kilichotanuka.

Kwa hiyo wataalamu waliposema jenasi hii ni mkusanyiko wa koo mbalimbali, hawakuwa wakibuni. Mwaka 1986 Leslie Pedley wa Australia alipendekeza igawanywe katika jenasi tatu. Uchunguzi wa vinasaba ukaja baadaye kuthibitisha kwamba mgunga, mti wa gundi na miti ya Australia si ndugu wa karibu kama jina moja lilivyodai. Katika hilo sina ubishi: mgawanyo ulikuwa wa haki.

Ugomvi ukabaki kwenye urithi. Nani abaki na jina la Acacia? Kanuni ya kawaida iko wazi: jina linafuata spishi iliyowekwa kuwa kielelezo chake, na kielelezo cha Acacia kilikuwa mti wa Misri, ule ule wa Dioscorides, ulio wa kundi la mgunga. Afrika ingebaki na jina, na Australia ingetafuta lingine. Mwaka 2003 Anthony Orchard na Bruce Maslin walipendekeza kielelezo kihamishiwe kwenye spishi ya Australia, Acacia penninervis. Hoja yao ilikuwa hesabu: ni nafuu kubadili majina ya miti mia moja na kitu kuliko ya karibu 1,000. Hoja hiyo ina uzito wake, na si haki kuipuuza.

Namna ilivyopita ndiyo inayouma. Kwenye kongamano la kimataifa la botania la Vienna, mwaka 2005, kamati ilikuwa imeunga mkono pendekezo hilo. Kulitengua kulihitaji asilimia 60 ya kura. Waliolipinga walikuwa asilimia 54.9, yaani zaidi ya nusu, na bado wakashindwa. Kura zenyewe hazigawanywi sawa: taasisi yenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, hupewa kura kati ya moja na saba kulingana na ukubwa wake, na anayehudhuria anaweza kubeba za wenzake. Hebaria kubwa ziko Ulaya na Marekani. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani kwenye milima ya Usambara mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950, inahifadhi matawi ya migunga kutoka ukanda huu, lakini kufika Vienna ni nauli. Mwaka 2011, huko Melbourne, suala lilirudishwa mezani. Mapendekezo ya suluhu yakakataliwa, uamuzi ukathibitishwa. Mgunga ukawa Vachellia tortilis, jina linalomkumbuka George Vachell, kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea akiwa Macao. Kikwata ukawa Senegalia mellifera.

Na mwati? Spishi hiyo ya Australia ilipewa jina mwaka 1925 na Mbelgiji Émile De Wildeman, akitumia tawi lililokatwa Kenya mwaka 1909 na Mmarekani Edgar Mearns, kutoka kwenye mti uliopandwa.

Kongamano la Melbourne liliamua jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele. Tangu mwaka 1935 spishi mpya ya mmea ilipaswa kuelezwa kwa Kilatini, la sivyo jina halikuhesabika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2012, Kiingereza nacho kinakubalika. Lugha ni hizo mbili tu. Mtafiti wa Dodoma au Lubumbashi akieleza mmea mpya kwa Kiswahili fasaha, hata akiwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 mkononi, jina lake halina nguvu mpaka aongeze maelezo ya Kiingereza au Kilatini.

Lakini milango imeanza kusogea. Julai 2024, jijini Madrid, wajumbe walipiga kura kuondoa neno caffra, lililotokana na tusi la kibaguzi dhidi ya Waafrika weusi, na kuliandika affra. Uamuzi huo ulipita kwa kura 351 dhidi ya 205, na unagusa majina zaidi ya 200. Ua wa kayaba unaozunguka mashamba mengi ya nyanda za juu za Kenya, Dovyalis caffra, sasa ni Dovyalis affra. Aina ya mng'ongo inayoota Tanzania imebadilika vivyo hivyo.

Kongamano lijalo limepangwa kufanyika Cape Town mwaka 2029, mara ya kwanza katika bara hili. Atakayetaka kanuni ya lugha ibadilishwe lazima achapishe pendekezo lake mapema, kwenye jarida la Taxon, na hebaria zetu za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zitahitaji bajeti ya kupeleka watu wenye kura zao mfukoni. Muda wa kuandika pendekezo hilo ni sasa.