Mtungi Chini ya Paipu

Wote iko mbali na bahari, lakini nilikuwa na kipande chake chumbani: tangi la lita 60, samaki wawili na matumbawe laini, nililoachiwa na rafiki aliyerudi Mombasa. Nilikuwa nimeacha chuo. Nilitaka angalau kitu kimoja ambacho sitakiacha.

Joto lilipunguza maji kila siku, nami nikaongeza ya bomba, niliyoyapitisha kwenye chujio la kaboni. Yalikuwa safi, hata harufu ya klorini hakuna. Wiki ya sita, mwani ulifunika mawe yote na matumbawe yakajikunja.

Kosa langu lina historia. Mwaka 1829, James Simpson alijengea kampuni ya maji ya Chelsea, London, chujio la mchanga. Ukambani, akina mama wamechimba mchanga wa mito iliyokauka tangu zamani, wakachota maji ambayo mto wenyewe umeyachuja. Mabwawa ya mchanga tunayoyaona Makueni ni akili hiyo hiyo, ikaongezewa ukuta. Lakini mchanga hushika tope, na kaboni hushika klorini. Chumvi iliyoyeyuka hupita tu. Tangini maji yakikauka, yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Kila jagi nililoongeza liliacha deni.

Mwaka 1846, Anna Thynne alibeba matumbawe kutoka Torquay hadi London. Ili yasife, mtumishi wake wa kike aliyamimina maji yao huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi. Katika kila nilichosoma, mtumishi huyo hana jina. Nilimwelewa haraka. Huku kwetu pia, anayebeba maji haandikwi.

Dawa ya chumvi ilikuja baadaye. Mwaka 1959, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, chuoni UCLA, walitengeneza utando unaopitisha maji kwa presha na kuzuia chumvi. Kufikia 1965, mji wa Coalinga, California, uliokuwa na maji ya chumvi, ulikuwa unakunywa maji ya utando huo. Matangi ya matumbawe yalirithi teknolojia ya watu wenye kiu.

Nikajibana, nikanunua mashine ndogo ya aina hiyo. Kwa kila lita nzuri, kama lita tatu zilienda kwenye mtaro. Susu alikuja kunitembelea, akasimama akiangalia paipu.

"Hayo yanaenda wapi?"

"Ni machafu, Susu. Yana chumvi."

"Mimi nimelelewa na maji ya chumvi," akasema. "Samaki wako anakunywa kuliko nilivyokunywa mimi nikiwa msichana."

Sikuwa na jibu. Akachukua mtungi wa lita 20, akauweka chini ya paipu. Tangu siku hiyo nafulia na kupigia deki maji hayo.

Matumbawe yalifunguka mwezi wa pili. Nikampigia Susu simu kumwambia. Akauliza kwanza kama mtungi umejaa.