Trafiki Ni Mtu

Basi la kutoka Iringa likishaupita mji wa Mikumi, abiria huanza kuegemea madirishani. Hifadhi imeanza. Kwa kilomita 50 hivi barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakatiza katikati ya wanyama: matuta, vibao vya mwendo, bango linaloorodhesha faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Wageni hutafuta twiga. Konda hana habari na twiga. Macho yake yako kwenye magari yanayokuja, maana lori likiwasha taa mara mbili mbili ni salamu ya kindugu: huko mbele kuna trafiki.

Trafiki, kwa Mtanzania, ni mtu. Ana sare nyeupe, ana kofia, anasimamisha gari. Ukimwambia konda kwamba kwa Waingereza neno hilo ni magari yenyewe, atakushangaa: magari si magari? Tulilichukua neno, tukalivua maana zake zote, tukalibakizia askari. Na kwa kuwa maana nyingine tuliziacha huko zilikotoka, kila mfasiri anayekutana na traffic katika sentensi ya Kiingereza huanza upya, na mara nyingi hujikwaa kwenye kile kineno kidogo kinachofuata.

Nitatoa mfano wa hapa hapa. Traffic in Mikumi: magari yaliyomo Mikumi. Ondoa Mikumi, weka pembe za ndovu: traffic in ivory. Kihusishi ni kilekile, in, lakini magari yametoweka. Wamebaki majangili, madalali na makontena. Niliwahi kupitia rasimu ya tafsiri ambamo maneno hayo ya pili yalikuwa yamegeuzwa kuwa “msongamano wa pembe za ndovu”. Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu mfasiri hakukosea kamusi. Alikosea jirani wa neno.

Neno lenyewe liliingia katika Kiingereza karne ya 16, kwa njia ya Kifaransa na Kiitaliano, likiwa na maana ya biashara: bidhaa kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Magari na watu wapitao njiani walikuja kuitwa hivyo baadaye sana, karne ya 19. Kwa hiyo in ya bidhaa ndiyo kongwe. Inataja kinachouzwa, na siku hizi karibu kila mara ni kitu kisichostahili kuuzwa: meno ya tembo, dawa za kulevya, silaha, watu. In ya mahali ni nyingine kabisa, ingawa zinafanana kama pacha. Njia yenyewe hupenda on: traffic on the road, on the railway, on the river. Kisha zipo za mwelekeo: to, from, through, between. Ipo pia with, ambayo siku hizi hutumika kwa nadra: kuwa na traffic na mtu ni kuwa na shughuli naye, hasa mtu asiyefaa. Hapo Kiswahili kilipita njia ileile bila kuonyeshwa na yeyote. “Sina biashara naye,” tunasema, wala hakuna anayedhani tulikuwa tukiuziana nyanya.

Kiswahili hakina utajiri huo wa vihusishi, na hakiuhitaji. Kazi ambayo Kiingereza kinaitupia to au through, sisi tunakitwisha kitenzi. Traffic to Iringa ni magari yaendayo Iringa. Traffic from Zambia ni malori yatokayo Zambia. Traffic through the park ni magari yanayokatiza hifadhini. Kwa on tuna kiambishi -ni, na ushahidi wake uko kwenye sheria ya nchi. Sheria ya mwaka 1973 ambayo Kiingereza chake ni Road Traffic Act, kwa Kiswahili ni Sheria ya Usalama Barabarani. Tazama kilichotokea: traffic haipo kabisa. Limebaki barabarani, na mbele yake limewekwa usalama, ambalo kwenye Kiingereza halimo. Ni tafsiri nzuri kuliko asili yake, kwa sababu inasema sheria ni ya nini.

Nenda Kilosa uone upande wa reli. Njia ya misafara ya kale ya kutoka pwani ilipita bonde la Mkondoa kwenda Mpwapwa na bara, na reli ya Wajerumani iliyofika Kilosa mwaka 1909 ilifuata bonde lilelile. Misafara ilibeba pembe, na baadhi iliongoza watumwa. Waingereza wa siku hizo waliandika traffic in slaves. Waswahili walisema biashara ya watumwa, -a unganifu ikatosha, na jambo likaeleweka bila kihusishi cha kubabaisha. Mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini Zanzibar mwaka 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa hao kwa njia ya bahari. Bonde moja, basi, limeona traffic zote mbili, ile ya in na ile ya on.

Kwa watu wa reli traffic si treni tu. Ni mizigo na abiria. Kutoka Kilosa lipo tawi linaloteremka kupitia Mikumi hadi Kidatu, ambako reli yetu ya kati, yenye upana wa milimita 1,000, inakutana na TAZARA yenye milimita 1,067. Behewa la huku haliwezi kuendelea kule, lazima mzigo uhamishwe. Mtu akiandika traffic between Kilosa and Kidatu, usikimbilie “msongamano”. Mwandishi anahesabu tani. Na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, Kiswahili cha stesheni hakikuhitaji nomino yoyote: treni zimesimama. Kuhusu msongamano wenyewe, tunalo neno foleni, ambalo asili yake inasemekana ni amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstari. Nairobi wanasema jam. Hilo halina shida, tuliache.

Shida iko kwa watu. Trafficking in persons tumeiita usafirishaji haramu wa binadamu, na kwa jina hilo inajulikana sheria yetu ya mwaka 2008. Hapa mfasiri wa kwanza, bila shaka kwa nia njema, alisikia magari pale palipokuwa na biashara. Aliifasiri traffic ya on mahali ilipoandikwa in. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ambayo ndiyo mama wa sheria hizi, inataja kuandikisha, kusafirisha, kuhamisha, kuhifadhi au kumpokea mtu kwa hila au nguvu ili anyonywe. Kusafirisha ni moja tu kati ya hizo. Binti aliyedanganywa, akafungiwa nyumba ya tatu kutoka kwao na kutumikishwa bila ujira, ameingia kwenye kosa hilo bila kupanda hata bodaboda. Lakini mwambie mjumbe wa mtaa kwamba huo ni usafirishaji, akuulize: amesafirishwa kwenda wapi?

Na upande wa pili, jina hilo linameza wasiohusika. Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa katika kijiji cha Chitego, Kongwa, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Mhamiaji aliyelipa mtu ili avushwe kuelekea kusini amefanyiwa magendo, na huenda njiani akageuzwa bidhaa. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo hayo mawili, smuggling na trafficking, na sheria za kimataifa zinayatenganisha. Kwa Kiswahili, yote huandikwa usafirishaji haramu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu anayeshushwa kwenye lori ni mhanga wa kulindwa au mkosaji wa kurudishwa kwao.

Kwa pembe za ndovu hatukukosea hivyo, na sijui kwa nini. Idadi ya tembo wa Selous na Mikumi ilishuka kutoka 70,000 hivi mwaka 2006 hadi karibu 13,000 mwaka 2013, na kila aliyeandika habari hiyo aliandika biashara haramu ya meno ya tembo. Mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu ilipomhukumu Yang Fenglan kifungo cha miaka 15 kwa makosa ya meno ya tembo, hakuna aliyemwita msafirishaji peke yake, alikuwa mfanyabiashara. Lipo hata shirika la kimataifa linalofuatilia biashara ya wanyamapori tangu 1976, na jina lake ni TRAFFIC. Nadhani waliolibatiza walijua vema kihusishi kinachotakiwa kufuata.

Kwa hiyo ombi langu kwa BAKITA na kwa watunga sheria ni dogo. Tukithubutu kusema biashara haramu ya meno ya tembo, tuseme na biashara haramu ya binadamu, na usafirishaji tuwaachie wenye malori. Na wewe mfasiri, ukikutana na traffic, usiliguse kwanza. Soma neno linalofuata. Likiwa in, uliza kama baada yake kuna mahali au bidhaa.

Trafiki wa Mikumi mwache alipo. Huyo keshakuwa Mswahili.