Ahadi ni Deni: Albamu Iliyongojwa Miaka Ishirini na Mmoja

Ahadi ni deni, husema Waswahili. Msemo huo utamkwapo, anayeonewa huruma ni mdai: yule aliyeahidiwa, akaketi, akangoja. Mdaiwa huonekana mkosaji tangu mwanzo. Lakini sanaa ina ahadi za namna yake, wala si rahisi kujua nani humdai nani. Historia ya bendi ya My Bloody Valentine na wapenzi wake inastahili kuangaliwa na kila apendaye wimbo au shairi, kwani inaliweka wazi swali hilo: msanii anadaiwa nini na wale wanaomngojea?

Bendi hiyo ilianza katika mji wa Dublin, Ayalandi, mwaka 1983. Kevin Shields, mpiga gitaa na mtunzi, aliyezaliwa New York mwaka 1963 na kuhamia Ayalandi angali mtoto, aliungana na mpiga ngoma Colm Ó Cíosóig. Baadaye wakaingia wanawake wawili: Debbie Googe, mpigaji wa gitaa la besi, na Bilinda Butcher, mwimbaji na mpiga gitaa. Kufikia mwaka 1988 walikuwa London, chini ya Creation, kampuni ndogo ya kurekodi iliyoongozwa na Alan McGee. Kampuni za aina hiyo, zilizojitegemea nje ya himaya ya makampuni makubwa, ndizo zilizoupa muziki huo jina lake la “indie”. Fedha zao zilikuwa chache, lakini msanii aliachiwa nafasi ya kuifuata nia yake.

Na nia ya Shields ilikuwa ngeni. Alizipiga nyuzi huku mkono wake umeshika kile kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye gitaa, kinachozilegeza na kuzikaza, hata kila sauti ikawa inapanda na kushuka kidogo, mfano wa chombo kilichotia nanga penye mawimbi. Sauti za waimbaji nazo hazikuwekwa juu ya ala kama ilivyo desturi. Zilizamishwa ndani yake, maneno yakasikika nusunusu. Aghalabu Butcher aliamshwa asubuhi mapema akaimbe, usingizi haujamtoka. Msikilizaji aliyezoea kuyafuata maneno hakupata pa kushika. Ilimbidi ajifunze kusikiliza upya.

Kilele cha nia hiyo ni albamu iitwayo Loveless, iliyotoka tarehe 4 Novemba 1991. Kazi yake ilianza mwaka 1989, ikahamishwa studio hata studio, na idadi inayotajwa ni kumi na tisa. Gharama inayosimuliwa mara kwa mara ni pauni 250,000. Shields mwenyewe ameikana, akisema imetiwa chumvi. Iwayo yote, kampuni ndogo ilikuwa imebeba mzigo mkubwa. Albamu ilifika nafasi ya 24 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, si zaidi. McGee akaachana na bendi, na mwaka 1992 Creation ikauza karibu nusu ya hisa zake kwa kampuni ya Sony.

Mwaka huohuo bendi ilichukuliwa na Island, kampuni iliyozaliwa kisiwani Jamaika mwaka 1959 na iliyokuwa sasa mikononi mwa wakubwa. Fedha zilipatikana, na bendi ikajijengea studio yake mtaa wa Streatham, kusini mwa London. Ilidhaniwa kwamba mtu aliyefanya makubwa katika studio za kuazima atafanya makubwa zaidi katika studio yake mwenyewe. Ikawa kinyume. Mitambo ilisumbua, na hata ilipotengemaa Shields alirekodi, akasikiliza, akaweka kando. Googe na Ó Cíosóig waliondoka mwaka 1995, Butcher akafuata mwaka 1997. Katika miaka yote hiyo bendi ilitoa nyimbo mbili tu, zote za watu wengine. Mmoja, wa mwaka 1993, ulikuwa ule wa Louis Armstrong ambao jina lake linasema kuwa wakati upo tele. Wapenzi wa bendi hawakukosa kuiona kejeli yake.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza kwa kweli, na kungoja huko kulikuwa na kazi yake. Wenye subira hawakuwa na jipya la kusikiliza, basi waliisikiliza ya zamani. Walioisikia Loveless mara mia waligundua sauti ambazo hazikuwapo mara ya kumi. Au zilikuwapo, ila sikio lilikuwa bado changa. Vijana waliokuwa watoto wadogo mwaka 1991 waliipokea kutoka kwa kaka na dada zao, nao wakajiunga na foleni wasiyoianzisha. Mwaka 1999 jarida la Pitchfork la Marekani liliitaja kuwa albamu bora ya miaka ya 1990. Sahani iliyoishia nafasi ya 24 ilikuwa imekua, wala mwenyewe hajaongeza noti moja. Waliomkuzia ni waliongoja.

Shields hakuwa amelala. Alipiga gitaa katika bendi ya Primal Scream, na mwaka 2003 alitunga vipande kadhaa vya muziki wa filamu ya Lost in Translation. Kila alipoonekana tumaini liliamka, na kila alipohojiwa kuhusu albamu jibu halikuwa “hapana”. Mwaka 2007 alitangaza kwamba bendi inarudi jukwaani, na kwamba kazi iliyoachwa katika miaka ya 1990 itakamilishwa.

Juni 2008 walisimama tena mbele ya watu, London. Hawakuwa na wimbo mpya hata mmoja. Mlangoni watu waligawiwa vizibo vya masikio, na sababu yake ilijulikana mwishoni. Tangu zamani bendi ilikuwa na desturi ya kufunga onyesho kwa wimbo wao wa mwaka 1988, You Made Me Realise. Katikati ya wimbo huo ala zote huganda penye kishindo kimoja, na kishindo hicho huendelea dakika kumi, kumi na tano, pengine ishirini, bila mdundo wala tuni. Kisha, bila ya onyo, wimbo hurudi pale ulipokatikia na kumalizika. Kati ya waliosimama ukumbini wako walioondoka, na wako walioziba masikio. Waliobaki walikuwa wakifundishwa kwa dakika ishirini kile ambacho bendi iliwafundisha kwa miaka ishirini.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2012 ilitangazwa kwamba albamu imekamilika. Tarehe 27 Januari 2013, katika ukumbi wa Electric Brixton, Shields aliwaambia waliohudhuria kwamba huenda ikatoka baada ya siku mbili au tatu. Siku tatu zikapita kimya. Ya sita, Jumamosi tarehe 2 Februari, ikawekwa kwenye tovuti ya bendi yenyewe, bila kampuni yoyote nyuma yake. Watu walikuwa wengi mno, hata tovuti ikaanguka mara moja. Waliongoja miaka ishirini na mmoja na miezi mitatu wakangojeshwa saa chache nyingine, usiku wa manane, mbele ya ukurasa usiofunguka.

Albamu hiyo, m b v, ina nyimbo tisa. Za mwanzo zinaanzia pale Loveless ilipoishia. Za mwisho zina ngoma za mbio, ndugu wa muziki wa “jungle” uliovuma London katikati ya miaka ya 1990. Sehemu ya kazi ilirekodiwa wakati huohuo, ikakamilishwa mwaka 2012. Kwa hiyo aliyeisikiliza alisikia mtu wa miaka thelathini na kitu akianza sentensi, na mtu wa miaka arubaini na tisa akiimaliza. Wahakiki wengi waliipokea kwa sifa.

Je, deni lililipwa? Inafaa kupambanua. Kampuni ya Island ilitoa fedha kwa mkataba; hilo ni deni la daftari, na lina mahakama zake. Lakini aliyenunua Loveless mwaka 1991 alikwisha pokea alichokilipia. Hakuna mkataba unaosema kwamba aliyetoa kazi njema moja amekopa ya pili. Mshairi akikaa miaka ishirini bila kutoa beti hajamwibia mtu, na akichana karatasi kumi ili asitoe beti mbovu amemheshimu msomaji kuliko yule anayetoa diwani kila mwaka. Kwa upande huo Shields hana lawama. Angeweza kutoa albamu hafifu mwaka 1995 au 1998, ikauzwa kwa jina la ile ya kwanza. Hakufanya hivyo.

Lawama iko pengine. Kimya hakikuwa kosa. Kosa lilikuwa kukivunja kila mara kwa neno “karibu”. Anayenyamaza humwacha mpenzi wake huru kwenda zake. Anayesema “karibu” humfunga mlangoni. Waswahili hawakusema kwamba kipaji ni deni, walisema ahadi ndiyo deni. Na mdaiwa hapa alijitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe, si kwa gitaa.

Hata hivyo waliongoja nao hawakutoka mikono mitupu. Walipewa, bila ya mtu kukusudia, miaka ishirini na mmoja ya kuisikiliza kazi moja. Ni watunzi wachache wanaopata wasikilizaji wa namna hiyo, na ni wasikilizaji wachache wanaopata sababu ya kuwa hivyo.

Mwaka 2021 bendi ilijiunga na kampuni huru ya Domino, na Shields akasema kwamba albamu mbili mpya zinaandaliwa. Mwaka huo ulikwisha, na albamu hazikutoka. Hakuna aliyeijua bendi hii aliyeshangaa. Wenye sahani za zamani walizirudisha kwenye kinanda, wakashusha sindano, wakasikiliza tena.